Maji Yapo Upande wa Kushoto

Idrisa alisema hakuna jiwe kati ya Tabora na Sekenke ambalo unyayo wake haulijui. Alilisema hilo kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili na sekunde kumi, kwenye kundi la WhatsApp la watu kumi na tisa, na mwishoni akahema kwa nguvu ili wote wasikie mapafu ya mtu aliyetembea.

Mapafu yalikuwa ya kweli. Mengine tutayaona.

Kundi liliitwa Wapagazi wa Leo. Lilizaliwa kwa utani tu pale mtaani Mtendeni, likajikuta na jambo la kweli mkononi: kutembea kwa miguu siku tisa, Tabora mpaka kupanda mlima Sekenke, kwa kufuata njia ya misafara ya zamani, au tawi lake, maana wazee walibishana ilipita wapi na kila mzee alitaka ipite kwao. Wageni kutoka Dodoma na Mwanza waliomba kujiunga, lakini walitaka kwanza waraka wenye maelezo: kituo hadi kituo kilometa ngapi, maji yako wapi, mtu atalala wapi. Idrisa, fundi simu, akajitolea kwenda kuipima njia. Akapewa wiki mbili. Akarudi siku ya sita.

"Sita?" aliuliza Mwalimu Shamila, katibu wa kundi.

"Nina miguu mirefu, mwalimu."

Alileta waraka wa kurasa tisa, na hakutaka shukrani. Alitaka cheo. Kirangozi, kama hujawahi kusikia, ndiye aliyeutangulia msafara wakati ule Wanyamwezi walipobeba dunia mabegani mwao kwenda pwani na kurudi. Idrisa alilitaka jina hilo kuliko anavyotaka mke. Tena alishaifufua na sheria yake: hakuna kumpita kirangozi njiani. Atakayempita atatoa jogoo. Kundi zima likapiga makofi ya vikatuni.

Kilichomkera ni kwamba hawakusoma. Hawakusoma kabisa! Aliutuma waraka asubuhi, kabla chai haijapoa Suzana akaandika, "Kaka, njiani maji yapo?" Ukurasa wa pili, dada. Dakika tatu baadaye, chini ya jibu hilohilo, Godbless naye, "Wakuu, vipi kuhusu maji?" Mwingine aliuliza kama juu ya mlima kuna mahali pa kuchaji simu. Mwingine aliyekuwa kimya miezi miwili aliibuka kama kiboko, akauliza safari ni ya kwenda wapi. Idrisa akaandika kwa herufi kubwa, SOMENI WARAKA. Wakamjibu, "Upi?"

Usiku alikuwa akiota maswali. Mchana akifungua simu ya mteja, alizing'oa skrubu kwa hasira.

Mtu mmoja tu aliusoma, na huyo ndiye aliyekuwa balaa. Mwalimu Shamila aliusoma kama anavyosahihisha mitihani, kalamu nyekundu mkononi.

"Kaka Idrisa," aliandika, "kituo cha saba, kutoka Ziba kuvuka mlima Itandula. Umesema kilometa kumi na moja, mwendo wa saa mbili na nusu. Maji, kilometa ya nne, lambo kubwa upande wa kushoto. Kwenye ramani ya simu silioni hilo lambo kwenye njia."

"Ramani hiyo inachorwa Ulaya, mwalimu. Huko wanalijua lambo la ng'ombe wa Itandula?"

Kundi likacheka. Shamila hakucheka. "Basi Jumamosi tukakitembee hicho kimoja. Tukikuta kama ulivyoandika, jioni nautuma waraka kwa wageni, na wewe ndiye kirangozi. Tusipokuta, tunamtafuta mwingine akapime upya. Siwezi kupeleka watu mahali pasipo na maji."

Sasa tuuseme ukweli, taratibu, asije akasikia. Siku ya kwanza Idrisa alitembea. Alitembea kweli, na raba mpya, mpaka visigino vikatoa malengelenge makubwa kama maharage. Siku ya pili akakodi pikipiki. Kuanzia hapo aliipima njia ya miguu kwa makalio. Pikipiki haipandi Itandula. Ilizunguka chini kwa barabara ya vumbi, kilometa kumi na moja, lambo likapita kushoto kwake, zuri, limejaa. Naye akapiga hesabu: kama kuzunguka ni kumi na moja, kukata katikati kutazidi vipi?

Jumamosi walikuwa watatu. Idrisa, Shamila, na Mzee Mustafa, mkaguzi wa tiketi wa reli aliyestaafu, ambaye alikuja na mwavuli na mdomo. Kila mmoja alibeba chupa moja ya maji, kwa kuwa waraka ulisema kilometa ya nne wangejaza.

Saa moja asubuhi waliiacha Ziba. Mpaka chini ya mlima mambo yalikuwa mazuri, Idrisa mbele, kifua wazi, akieleza habari za pembe za ndovu utadhani alizibeba mwenyewe. Hapo barabara ikakunja kushoto, na mlimani zikaingia njia tano za ng'ombe, zote zinafanana.

Idrisa alisimama. Nyuma yake wakasimama.

"Tangulieni tu," alisema, akiinama. "Nafunga kamba za viatu."

"Nikupite?" Mzee Mustafa alifungua mwavuli. "Mimi nina jogoo mmoja, kijana. Na nyumbani wananipenda kwa sababu yake. Funga, tutasubiri."

"Nawaruhusu, mzee wangu."

"Sheria haina ruhusa. Uliiandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza."

Akafunga kamba. Akafungua, akafunga tena. Mwisho akachagua njia ya katikati, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kinyesi kibichi, akiamini ng'ombe wanajua maji yaliko. Ng'ombe wale walikuwa wanakula majani tu. Njia ikafa kwenye michongoma. Wakarudi. Wakaingia ya pili, ikawapeleka kwenye mawe makubwa kama nyumba, wakapanda kwa mikono na magoti. Kila penye njia panda Idrisa aligeuka akiomba kwa macho, na kila mara alikuta watu wawili wamesimama kwa heshima zote, wakimngoja.

"Lambo liko wapi?" Shamila aliuliza saa nne.

"Mbele kidogo."

"Hiyo kidogo ya nani?"

"Mwalimu, na wewe! Kila hatua swali! Ndiyo maana safari haiendi."

Saa sita chupa zilikuwa tupu. Midomo ilikauka, na Idrisa alikuwa amekwisha kugombana na jiwe, na mti wa miiba, na simu isiyokuwa na mtandao, na mlima wenyewe, aliouambia mbele ya watu kuwa haukuwa mrefu hivi mara ya mwisho. Mzee Mustafa aliacha kutania, na hapo ndipo Idrisa alipoogopa kidogo. Mzee yule alikuwa akitania hata msibani.

Walifika kileleni. Huko chini kabisa, ng'ambo ya mteremko usioshukika, kando ya barabara ya vumbi, lambo lilimeta kama sahani, na ng'ombe wakinywa.

"Si lile!" Idrisa aliruka. "Nimesema kushoto. Lile haliko kushoto?"

"Ni kushoto," Mzee Mustafa alikubali kwa sauti iliyokauka. "Kwa ndege."

Shamila alikaa juu ya jiwe. "Kaka Idrisa. Ulipochota hayo maji, ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapahapa njiani. Masika yalikuwa yamelijaza, likafika huku."

"Huku mlimani?" Mzee Mustafa alimtazama. "Hayo si masika, ni gharika ya Nabii Nuhu."

"Nisikilize," Shamila alisema, bila ukali, na Idrisa aliona afadhali angemfokea. "Njia hubadilika. Inawezekana tumepotea sisi. Nitarekebisha kilometa, nitaandika kila mtu abebe maji ya kutosha, na waraka utatoka jioni. Mtu anaweza kukosea kipimo. Nataka kujua jambo moja tu. Hapa ulipita kwa miguu?"

Idrisa alimtazama machoni. "Kwa miguu yangu hii hii, dada Shamila."

"Basi yameisha. Twende, kirangozi."

Jina lile lilimshusha mlima kama upepo. Saa nane mchana walitokea upande wa pili, pale njia inapokutana tena na barabara, kwenye nyumba ya mwanamke mmoja aliyekuwa akipepeta mtama uani.

"Mwadila, mama," alisalimu Mzee Mustafa kwa lugha ya huko.

"Mwadila. Karibuni. Mimi ni Mama Levina." Alipoiona midomo yao ilivyokauka hakuuliza zaidi, alileta ndoo na vikombe. Idrisa alipokea chake kwa mikono miwili, akamwamkia shikamoo kwa sauti ndogo, akajificha nyuma ya kikombe. Mama Levina alimtazama. Akaweka ungo chini, akamtazama tena.

"Wewe si yule wa mjini? Bundala wa pikipiki hajambo?"

Maji yalimpalia. Mzee Mustafa akampiga mgongoni, mara tatu zaidi ya zilizohitajika.

"Unamfahamu, mama?" Shamila aliuliza.

"Nimsahauje! Alipita hapa na Bundala, wametokea barabarani kwenye lambo. Hata kushuka hakushuka, alisema visigino vinamuuma. Akaniuliza, mama, huko juu mlimani kukoje? Nikamwambia, baba yangu, mimi tangu niolewe hapa sijapanda, sijui. Basi akatoa daftari palepale juu ya pikipiki, akaandika, akaandika, mpaka Bundala akampigia honi."

Shamila aliweka kikombe chini, akampita Idrisa, akatangulia njiani bila kudaiwa jogoo.