Mkono wa Anaeli

Jumamosi ile Ndekirwa alijitupa kwenye kochi na viatu vyake miguuni. Kila Jumamosi alasiri, baada ya sala ya nyumbani, familia yake hucheza ludo sebuleni, desturi aliyoisifia mno mbele ya wazee wa kanisa hata wakaichoka. Siku hiyo binti yake Anaeli, mtoto wa miaka minane, alikuwa ameigeuza dadu kwa kidole ikaonyesha sita ili kete yake itoke. Baba alimwona. Badala ya kumkanya yakaisha, akaifuata Biblia kabatini, akaibwaga juu ya ubao, kete zikatawanyika. "Weka mkono uape kwamba hukugeuza," alinguruma. "Ukiapa uongo, mkono unakauka." Mtoto akaitazama Biblia, akamtazama baba yake, akaapa. Hapo Ndekirwa akaogopa kwelikweli, kwa kuwa mwanawe alikuwa amepotelea katika uongo mbele ya macho yake, na usingizi ukamchukua pale kwenye kochi.

Akajikuta katika nchi iliyochorwa miraba mikubwa kama mashamba, myekundu, ya kijani, ya njano na ya buluu, isiyo na mti wala ndege. Kila mraba ulikuwa na mtoto aliyesimama kimya, nywele zimechanwa vizuri, soksi zimevutwa hadi magotini, mikono imefichwa nyuma. Mahali fulani dadu kubwa kama nyumba ilikuwa ikibingirika, na kila ilipotua watoto walifumba macho na kusema kwa pamoja, "Sijafanya, sijafanya," na hakuna aliyewauliza kitu. Ndekirwa alitamani kurudi alikotoka, asione njia. Ndipo akaja mwanamke mrefu mwenye taa, asiye na haraka, akasema anaitwa Kweli.

"Mama, nisaidie," Ndekirwa alimsihi. "Uongo ameniibia binti yangu. Nionyeshe nyumba yake nikamtoe."

"Uongo hana nyumba hapa, baba. Ni kibarua tu, huenda anakotumwa."

"Anatumwa na nani?"

"Na mwenye mji. Twende, ila usiuachie mkono wangu."

Walipita kando ya ua wa miiba. Nje yake Upendo alikuwa amekaa na sahani ya chakula kilichokwisha kupoa, akiwaita watoto mmoja mmoja kwa majina, na hakuna aliyethubutu kugeuza shingo. Kwenye mraba wa mwisho Ndekirwa akamwona Anaeli wake. Akamwita kwa furaha. Mtoto akapiga yowe na kukimbia, na kadiri baba alivyomfuata ndivyo alivyozidi kupiga yowe.

"Mbona ananikimbia?"

"Mtazame mwenye mji," alisema Kweli, akainua taa.

Langoni alikuwa ameketi Tisho, amewapa mgongo. Alipogeuka, alikuwa amevaa suti ya Ndekirwa ya Jumapili, Biblia kwapani, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya Ndekirwa mwenyewe: "Weka mkono uape!" Ndekirwa alitaka kukana, kinywa kikafunguka kitupu, kwa maana sauti yake ilikuwa imeshachukuliwa.

"Ulimwekea mtoto mambo mawili ya kuogopa," Kweli alisema taratibu, "mkono kukauka, na wewe. Akachagua lile alilodhani ni jepesi."

Ndekirwa akazinduka, shati limelowa jasho. Harufu ya ndizi ilitoka jikoni. Anaeli alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, mkono wa kulia umezongwa kanga ya mama yake.

"Baba Anaeli, mwone mwanao," mkewe Eliakunda alisema. "Tangu muache mchezo hataki kuufungua."

Ndekirwa akapiga magoti. "Mwanangu, mkono una nini?"

"Nausubiri ukauke, baba."

Akaelewa. Mtoto alikuwa ameamini kila neno lake, na bado akaapa. Machozi yakamtoka mwanamume yule bila aibu. Akaifungua kanga polepole, akaushika ule mkono mdogo wenye joto.

"Haukauki. Yale hakuyasema Mungu, niliyasema mimi. Nimekosa, nisamehe."

Akaokota dadu chini ya meza, akamwekea kiganjani. "Zamu yako."

"Nikikosa sita?"

"Tutakaa hapa hapa tukusubiri."

Anaeli akatupa. Dadu ikabingirika hadi uvunguni mwa kochi, mahali ambapo baba hakuweza kuona. Mtoto akalala kifudifudi, akachungulia, akageuka kumtazama baba yake.

"Mbili," akasema.