Sifa za Mwombaji

"Awe na shahada ya chuo kikuu," niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Karatasi ilishaanza kutoboka.

Mwenyekiti alilitaka tangazo kesho kabla ya saa sita. Chama chetu kidogo hutengeneza viti vya magurudumu na kuviazimisha bure, na mimi, ninayekiombea michango kwa barua, nastaafu mwaka huu. Tunatafuta wa kushika nafasi yangu. Mwenyekiti anataka msomi. Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne.

Fundi alitoka karakanani na mikono yake ya grisi, akasoma kutoka nyuma yangu.

"Bi Barua, kwa tangazo hili wewe hata kwenye usaili usingeitwa!"

"Ndiyo maana nafuta."

"Na ndiyo maana unaandika tena?"

Nilicheka, lakini alikuwa amenigusa. Mara ya kwanza nilikuja hapa kurudisha kiti cha marehemu mama, wiki moja baada ya mazishi. Nilikuwa nimekisugua kwa mswaki, spoki moja moja. Mwenyekiti wa kwanza, mzee wa sauti ya kukwaruza, alikizunguka mara mbili, kisha akaniuliza kama najua kuandika.

"Najua, ila polepole."

"Basi mwandikie aliyekitoa. Mwambie kilimfikisha mama yako wapi."

Nikaandika: kilimfikisha dirishani kila asubuhi, na harusini kwa mdogo wangu, alikocheza akiwa amekaa. Yule mchangiaji akaleta viti viwili zaidi. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Hakuna aliyeniajiri, wala aliyeniambia niondoke. Ni miaka ishirini na sita sasa.

Hata hivyo simlaumu mwenyekiti wa leo. Mwaka jana wafadhili wakubwa walitutumia fomu ya kurasa arobaini. Nilihangaika nayo wiki tatu, ikarudi imeandikwa "haijakamilika". Watu kumi na tisa bado wanasubiri viti kwa sababu ya fomu ile.

"Sasa unamtaka nani?" fundi aliuliza.

"Anayeiweza fomu, na asiyeona kinyaa kushika kiti."

"Si uandike hivyo! Unatafuna penseli kama mtoto wa mtihani."

Nikampigia mwenyekiti, simu nikaiweka kwenye spika.

"Shikamoo, mama. Tangazo tayari?"

"Marahaba, mwanangu. Bado. Naomba tuiondoe shahada. Kila mwombaji akae karakanani asubuhi moja, mchana ajaze ukurasa mmoja wa fomu iliyonishinda."

Akauliza, "Asiye na shahada akishindwa?"

"Atakuwa ameshindwa na fomu, si na mlango."

"Na mwenye shahada akiogopa grisi?"

"Huyo tutamjua kabla ya chai!" fundi alipaza sauti.

Mwenyekiti akacheka. "Haya, liandike nilione. Sijakubali, mama. Kesho asubuhi tutalisoma pamoja."

Fundi akarudi kwenye gurudumu lake. Nikachukua karatasi mpya, nikaandika "Sifa za mwombaji", na chini yake, "Awe tayari kushinda asubuhi nzima karakanani." Hapo nikakwama. Kile alichokiona yule mzee alipokizunguka kiti cha mama, sikujua kinaandikwaje kwenye tangazo.

Nikaacha nafasi ya mistari mitatu, nikailaza penseli juu ya karatasi isipeperuke, nikafunga dirisha.