Mji wa Kandambili

Wanasema siku njema huonekana asubuhi. Siku hiyo hata asubuhi yenyewe haikuonekana. Mvua ilikuwa imeufunika mji mzima, bahari na mbingu vimekuwa kitu kimoja cha kijivu, na dirisha la nyumba ya wageni lilikuwa likivuja taratibu juu ya begi la Fundi.

"Leo tunalala," alisema Fundi, akavuta shuka hadi kidevuni. "Likizo ni likizo."

"Leo tunatembea," alijibu mkewe. "Ukimaliza chai uvae koti. Mvua haiui mtu."

Mwanamke huyu alikuwa mwendesha kreni. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amekaa kwenye kijumba cha kioo huko juu, akinyanyua nondo na mabomba ya maghorofa ya mji wao wa bara, hata wajenzi wakambatiza Mama Winchi. Anayeweza kushusha tani tano za chuma katikati ya watu bila kumgusa hata mmoja, habahatishi na hababaiki. Jambo moja tu lilikuwa likimnyima usingizi, nalo alikuwa amelificha wiki tatu. Bandari ya mji huu ilikuwa imempa kazi, kwenye kreni kubwa kuliko zote alizowahi kupanda. Meneja angempigia leo kabla ya saa kumi jioni kupokea jibu, ndiyo au hapana. Mumewe hakuwa na habari. Masikini alidhani wamekuja kupunga upepo.

Alificha kwa sababu Fundi alikuwa fundi viatu, tena mwenye kibanda chake na wateja wa miaka ishirini. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia tu, haya, funga virago. Kwa hiyo Mama Winchi alipanga: kwanza aupende mji, halafu aambiwe. Mpango ulikuwa mzuri. Ulivunjwa na kandambili.

Siku mbili za mwanzo jua lilikuwa limewaka vizuri, akamtembeza ufukweni, sokoni, na kwenye gati. Akimwonyesha bahari, Fundi anatazama miguu. Ndio ugonjwa wake. Mkewe huwaona watu utosini, yeye huwaona miguuni, na mwenyewe hupenda kusema kwamba katika nyumba yao hakuna anayejua sura ya mtu. Basi miguu ya mji huu ilikuwa na kandambili. Mchuuzi, kandambili. Karani wa benki, kandambili. Hata mzee mmoja aliyevaa suti ya vipande vitatu, ukishuka chini unakutana na kandambili za bluu.

"Mji huu fundi viatu anakufa njaa mchana kweupe!" alisema Fundi jioni ya siku ya pili, akacheka mpaka akakohoa. Mkewe alicheka naye. Chai yote iliyobaki kikombeni hakuinywa.

Sasa ndiyo siku ya tatu, na mvua juu. Lakini Mama Winchi si mtu wa kukaa chumbani akitazama dirisha. Walitoka mchana na mwavuli mmoja, wakaacha ufukwe nyuma, wakapanda barabara za juu wasikokuwa wamefika bado, kwenye shule na hospitali na ofisi. Mwavuli ulimkinga yeye, Fundi akaloa bega moja bila kulalamika. Wakacheka mwavuli ulipogeuzwa na upepo. Wakasoma vibao vya maduka kwa sauti. Ilikuwa raha, na raha hiyo ndiyo iliyomuuma, kwa kuwa saa tisa ilikuwa imekwisha kutimu.

Ghafla Fundi akasimama katikati ya dimbwi.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Soli."

Mbele yao alikuwa akipita mwanamke mwenye mafaili kwapani, na kiatu chake cha kulia kimefunguka mdomo. Chapwa, chapwa, chapwa. Fundi akageuza macho huku na huku, na mkewe akageuka naye. Mvua ilikuwa imeuvisha mji wote viatu. Viatu vya ngozi, mabuti, viatu vya shule, vyote vimetolewa uvunguni vilikokaa msimu mzima wa jua, gundi imekauka, na sasa vinaachia kimoja kimoja barabarani.

"Dada, samahani," Fundi aliita. "Hicho kiatu hakikufikishi uendako."

"Nitafanyaje, kaka yangu?" Mwanamke alicheka. "Mimi mwalimu, siwezi kuingia darasani peku. Fundi wetu wa mwisho alifariki mwaka juzi. Siku hizi ikinyesha tunavaa na kumwomba Mungu."

Fundi akatia mkono mfukoni mwa koti. Akatoa sindano, uzi wa nta, na msharasi wake wa kutobolea ngozi.

"Si uliniapia umeviacha nyumbani!" mkewe alimaka.

"Niliacha nyundo," alisema Fundi.

Wakaketi kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Kabla kushona hakujafika kisiginoni, mlinzi wa shule alikuwa ameshavua buti, na muuguzi mmoja amesimama nyuma yake kwa mguu mmoja. Fundi alikuwa akipiga mluzi.

Mama Winchi angeweza kunyamaza. Angemwacha mumewe aseme mwenyewe, "Mke wangu, kwa nini tusihamie hapa?" kisha yeye ajifanye kushangaa. Ingekuwa kazi safi, mzigo umetua bila kelele. Lakini alimtazama lile bega lililoloa, akaona haya. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa amefika mwisho wake.

Akainama. "Mume wangu, nina neno."

"Sema. Mikono ndiyo ina kazi, masikio yamekaa bure."

Akamwambia yote, bandari, kreni, saa kumi. Mluzi ulikatika. Sindano ikabaki katikati ya ngozi.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu tunakula sahani moja." Fundi hakupandisha sauti. "Na jana nilipocheka kandambili, ukacheka."

"Nilicheka huku roho inaniuma. Nilitaka uupende kwanza."

"Mimi si nondo, Mama Winchi. Mimi huulizwa."

"Nakuuliza sasa. Kazi hii naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote. Ukisema hapana, nitawaambia hapana, na sitakulaumu." Hiyo ya kwanza ilikuwa kweli tupu. Hiyo ya mwisho aliiamini nusu, lakini aliisema yote.

Fundi alivuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno. Simu ikaanza kuita mkononi mwa mkewe, naye akaitazama tu. Mwalimu akavaa kiatu, akakanyaga dimbwi kwa nguvu kukijaribu.

"Na kikifunguka tena?"

"Niletee."

"Nikuletee wapi, kaka, na wewe mgeni?"

Fundi alifuta msharasi kwenye suruali, akapokea buti la mlinzi, akalipindua kutazama soli.

"Muulize mke wangu," alisema. "Yeye ndiye anayejua tunahamia wapi. Mimi naambiwa mwisho."

Mama Winchi akapokea simu.