Harufu Kwenye Gauni Jeupe

Fundi alianza kuvuta sigara kabla hajajua kwamba anavuta. Baba yake alikuwa mshona viatu, mikono imejaa gundi kutwa kucha, na kila alipotaka sigara alimwita bintiye, mtoto wa miaka kumi na mitatu: "Mama, hebu niwashie jikoni." Sigara haiwaki kwenye kaa bila kuvutwa. Binti aliitia mdomoni, akainama, akavuta, akakohoa, akampelekea. Baada ya mwezi hakukohoa tena. Baada ya mwaka alikuwa anavuta mara tatu kabla ya kuifikisha, na baba akitania, "Leo imekuja fupi, imeliwa na panya njiani?" Nyumba nzima ikicheka. Alipotimiza miaka kumi na sita alikuwa na zake mwenyewe, kazificha ndani ya soksi.

Baba aliacha. Alipopimwa kifua na daktari, alirudi nyumbani, akaitumbukiza pakiti chooni, ikawa basi. Mpaka leo, uzee umemkalia, humwambia bintiye: "Mimi niliweza kwa siku moja. Wewe hujaamua tu."

Hajaamua! Fundi sasa ana miaka arobaini na miwili, na ameamua mara zisizohesabika. Ameamua kwa tangawizi, ameamua kwa peremende, ameamua kwa kumpa mumewe pakiti aifungie kabatini, kisha akaling'oa kufuli kwa bisibisi ya cherehani. Safari iliyofika mbali kuliko zote ilikuwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alijikuta nyuma ya duka, kipisi kati ya vidole, wala hakumbuki alikiokota wapi.

Na kazi yake ni magauni ya harusi. Kwa hiyo alivutia uani tu, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akatafuna karafuu ndipo aguse kitambaa. Duka alilishiriki na mpiga pasi, mtu mpole aliyekuwa mvutaji wa kutupwa zamani, na huu ulikuwa mwaka wake wa nane bila kugusa. Walizoeana hadi wakaitana kaka na dada.

Siku tatu kabla ya harusi moja, mama wa bibi harusi aliingia amelinyoosha gauni mbele yake kama mtu aliyebeba mtoto aliyejikojolea.

"Fundi, nusa."

Akanusa. Pua yake ilikuwa imekufa siku nyingi. "Sisikii kitu, mama."

"Husikii? Mwanangu anaolewa au anapelekwa kijiweni? Nani anavuta humu?"

Fundi alifungua kinywa aseme kweli. Alitaka, kwa kweli alitaka. Ulimi ukakata njia ya mkato. "Ni huyo mpiga pasi, mama. Nimemkanya mpaka nimechoka."

Nyuma ya pazia, pasi iliyokuwa ikiteleza juu ya meza ilisimama.

Gauni lilifuliwa, likaanikwa siku mbili, harusi ikapita salama. Mpiga pasi aliendelea na kazi yake. Ila maneno yana miguu. Wiki iliyofuata alikuja kazini macho mekundu.

"Dada, mke wangu ananinusa mashati. Jana kanusa hata mto. Amelia. Miaka minane, dada."

Hakupandisha sauti. Angefoka ingekuwa afadhali.

"Nisamehe, kaka. Nitakwenda kumwambia mwenyewe."

Akafunga duka alasiri ile ile. Njiani alijiapiza: hagusi sigara mpaka aseme, na akishasema, hagusi tena maisha yake yote. Alimkuta mke wa mpiga pasi barazani, anakunja nguo.

"Wifi, anayevuta ni mimi. Kaka hajagusa. Nilimsingizia kwa sababu niliona haya."

Shati lilimwangukia yule mama mapajani. Akalitazama muda mrefu. "Nimemtukana mume wangu," alisema, "kwa ajili ya haya yako."

"Najua." Fundi akajikunja kwenye mkeka. "Wifi, niambie aliachaje. Chochote alichofanya, nami nitafanya."

Mwenzake akacheka, cheko kavu. "Unadhani kuna dawa? Alikuwa anapiga ukuta ngumi. Mara ya kwanza alishindwa, ya pili akashindwa, mpaka ya sita. Ya saba akaweza. Hiyo ya saba ilikuwa na nini, mimi sijui, na yeye hajui. Mpaka leo huota anavuta, akaamka jasho linamtoka." Akamtazama vidole. "Mbona mkono unakutetemeka?"

"Baridi tu," Fundi akajibu, na jua lilikuwa la saa tisa.

Alisamehewa. Akasindikizwa mpaka kona, akaagwa vizuri. Hatua ishirini mbele, chini ya ukuta wa gereji, alikuwa ameshawasha. Mvuto wa kwanza ulikuwa mtamu, na utamu ule ndio uliomliza.

Asubuhi alimkuta mpiga pasi anafunga vitu vyake.

"Mke wangu kaniambia. Asante, dada."

"Sasa unakwenda wapi? Si yameisha?"

"Yameisha." Alikuwa akiizungusha waya kwenye pasi, hamtazami. "Tangu uliposema navuta, nimekuwa nikitamani. Ukitoka uani, harufu yako inaniita. Jana nilisimama hapo mlangoni nikivuta hewa yako kama mwizi. Sina ya saba nyingine, dada."

Angesema ataacha, wote wawili wangejua thamani ya neno hilo. Fundi akashika upande wa pili wa meza, wakaitoa pamoja mpaka kwenye mkokoteni uliosubiri barabarani, polepole, isikwaruze ukuta. Mkokoteni ulipokata kona alirudi ndani, akaketi kwenye cherehani. Akashona pindo moja. Akaanza la pili, halikufika nusu. Akainuka, akaenda uani.