Mgomba Uliopewa Jina

Mwalimu Mwidani hakupenda chaki. Kanisa lilimletea boksi zima, naye akawagawia watoto wa Kisauni wakachorea vibarazani. Kiongozi wa Kikristo, alisema, hatengenezwi kwa maneno; hushikishwa kazi mpaka mikono yake iijue. Basi wanafunzi wake, watu wazima wenye familia zao, walijifunza kumfariji mgonjwa kwa kupelekwa kwa mgonjwa, na kupatanisha kwa kusukumwa katikati ya wagombanao. Mwalimu mwenyewe husimama kando, kimya, mikono nyuma. Ukikwama, utajikwamua. Ilikuwa mwaka wa sitini na moja, wazungu wa misheni wameanza kufunga masanduku, na kanisa lilikuwa na haraka ya kupata wenyeji wa kuliongoza. Haraka hiyo ndiyo iliyomponza Gershom.

Gershom alikuwa seremala mpole, mwenye sauti nzuri na hofu nyingi. Aliishi na mama yake, Kaviha, na mdogo wake Fondo, aliyekuwa kuli bandarini mpaka kifua kilipomlaza. Hospitali walimpa dawa wakamrudisha nyumbani aendelee nazo. Alikohoa, lakini alikula uji, na asubuhi nyingine alijikokota hadi mlangoni akaota jua. Kaviha alizishikilia asubuhi hizo kwa meno na kucha.

Ikafika zamu ya kujifunza maziko. Mwalimu alikata mgomba nyuma ya kanisa, wakauzungushia shuka nyeupe, wakachimba shimo, na Gershom akaambiwa aongoze. Alisoma vizuri, lakini wenzake walicheka, na Agneta, mwanamke pekee katika darasa, alijifuta machozi ya kicheko kwa pindo la kanga. Nani asingecheka? Watu wazima wazima kumlilia mgomba!

"Hamziki hapa, mnacheza," Mwalimu alisema. "Gershom, upe jina. Jina la mtu umpendaye. Kisha nikusikie."

Mtu mwenye hila angetaja babu yake aliyekufa zamani, mambo yakaisha. Gershom hakuwa na hila hata ya kuazima. Jina lililokaa moyoni mwake siku zote hizo ndilo lililotoka.

"Fondo, ndugu yetu," aliita kwa ile sauti yake nzuri, "tunakurudisha udongoni."

Akaendelea. Akaeleza jinsi Fondo alivyokuwa akimbeba mama yao mgongoni kuvuka matope wakati wa masika, akimtania njia nzima kwamba amenenepa. Hakuna aliyecheka tena. Agneta sasa alilia kweli. Mwalimu Mwidani, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisema, "Hapo umezika."

Ua wa kanisa ulikuwa wa makuti, na nje yake alikuwa akipita Mwanasaumu, jirani yao muuza mahamri. Alilisikia jina, akausikia na udongo ukianguka. Kuchungulia maziko ya watu aliona si adabu. Alikwenda kwake akatua sinia, akajitanda kanga, akaelekea moja kwa moja kwa Kaviha.

"Poleni, dada yangu. Innalillahi. Mbona sisi majirani hamkutwambia?"

"Kuwaambia nini?"

"Fondo. Nimesikia azikwa sasa hivi, wallahi, na nduguye ndiye asomaye."

Fondo alikuwa ameketi mlangoni, bakuli la uji mkononi. Mwanasaumu alipogeuka akamwona, alipiga yowe lililowatoa watu majumbani. Fondo aliliweka bakuli chini, akaingia ndani akajilaza.

Gershom aliporudi alimkuta mama yake ameketi chini uani, miguu ameinyoosha kama mfiwa.

"Umemtia mwanangu shimoni, yu mzima."

"Mama, ni mgomba. Ni mafunzo."

"Umeuita kwa jina lake?"

"Naam, mama."

"Basi rudi ukamwite atoke. Simama pale pale, useme: Fondo, njoo nyumbani. Mimi nikimwita haitafaa. Aliyemtia ndiye amtoaye."

Gershom alimkimbilia Mwalimu, na siku ile mwalimu asiyependa maneno alihutubu mpaka jua likageuka. Kuita watu mashimoni ni uganga, alisema. Kiongozi akifanya hivyo mara moja tu, watu watamfuata huko huko. Na tena jina ni jina tu, halina nguvu yoyote.

"Kama ni jina tu," Gershom aliuliza, "mbona ulitaka niupe?"

Mwalimu alichukua ufagio, akaanza kufagia palipokwisha kufagiwa.

"Usimwite," alisema mwishowe. "Ukimwita, sitaweza kukusimamisha mbele ya kanisa uwe kiongozi."

Maskini Gershom! Kumwita ni kukiri kwamba alimzika, na kutomwita ni kumwacha mle. Kila jioni alipita kando ya ua ule wa makuti akitoka kazini, midomo ikimcheza, akafika nyumbani hajasema neno. Mama yake alimtazama usoni mara moja tu, akajua, akaendelea kukoroga uji usiokuwa na mlaji.

Maana Fondo alikuwa ameacha kutoka hadi mlangoni. Dawa alikunywa, chakula alikirudisha.

"Mimi hayo ya mama siyaamini sana," alimwambia kaka yake. "Lakini nikifumba macho nausikia udongo. Neno lenyewe dogo, kaka. Si uite tu?"

"Kesho," Gershom alisema, na alikusudia hivyo kwa dhati. Kesho yake alifika hadi langoni mwa kanisa, akamwona Mwalimu anafagia uwanja, akageuza njia.

Fondo alikufa alfajiri, kabla ya wiki kwisha.

Makaburini Mwalimu Mwidani alifuata kanuni yake. Alimpa Gershom kitabu, akasimama kando, mikono nyuma. Na Gershom aliongoza vizuri, ndilo jambo la kutisha. Mikono ilijua wapi pa kufunua ukurasa na wakati gani wa kuinama kuchota udongo. Alipofika mahali pa jina, alikwama. Alimtazama Mwalimu. Mwalimu alitazama viatu vyake.

"Fondo," Gershom alisema. Kisha sauti ikampasuka, mbele ya kanisa zima, na Mwanasaumu na wenziwe waliokuwa wamesimama barabarani wakaisikia. "Fondo! Njoo nyumbani!"

Mtu mmoja alikohoa. Kaviha aliinua uso katikati ya wanawake waliomshika, na usoni mwake hamkuwa na hasira yoyote.

"Sasa?" alimuuliza. "Sasa ndio wamwita, mwanangu?"