Taa ya Shangazi Mwanakombo

Niliota usiku wa jana, na asiniambie mtu kwamba ni maharage niliyolalia.

Nimesimama sebuleni kwa Shangazi Mwanakombo, Korogwe, simu mkononi. Shangazi kapooza upande mmoja, nami nilimwahidi programu ya kuwashia taa na feni kwa simu, bila waya, asimsumbue mtu. Nabonyeza "Washa". Giza.

"Hata shikamoo hakuna?" inauliza taa kutoka darini.

Ya Rabi! Programu nzima nimeandika amri tupu, salamu sikuweka hata moja. Na taa yenyewe shangazi aliitundika kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, taa."

"Marahaba. Hujambo? Watoto hawajambo? Huko Dodoma mvua zimenyesha?"

Najibu yote. Chumbani shangazi anaita, "Hemedi, ndiyo wewe? Njoo basi, mwanangu, mbona giza?" Roho inaniuma.

"Sasa waka," naisihi taa.

"Uko mbali. Sogea karibu na kifaa."

Nasogea. Sebule inageuka stendi ya Dodoma, kisha ofisi yangu, kisha sebule tena, ndefu kuliko mwanzo. Feni inanipita kwa miguu, imejitanda khanga ya shangazi.

"Unakwenda wapi?"

"Kumpepea. Wewe si umeshatengeneza kitu cha kukufanya usije?"

Natamani kuing'oa waya, lakini waya haina. Kazi yangu hiyo.

Nafika mlango wa chumba. Mlango unasema kwa adabu zote, "Programu hii inaomba kuingia alipo shangazi. Ruhusu, au Si sasa?"

Ndani namsikia akihema. Nataka kubonyeza Ruhusu, wallahi. Kidole kinakwenda chenyewe, kama kilivyozoea kila anaponipigia niko kazini. Si sasa.

"Haya," unasema mlango, ukaondoka na chumba chake, taratibu.

Nikaamka Dodoma, kumekucha, shuka limelowa jasho. Simu ikaita. Ni Somoe, bintiye shangazi anayemuuguza.

"Hemedi, una nini wewe lakini? Mama hataki chai, analia tu. Anasema ulifika mpaka mlangoni, ukasema si sasa, ukaenda zako."

"Somoe, mimi sijatoka Dodoma."

"Haya. Na hivi viatu vyako vya kazini hapa mlangoni kwa mama, kavivua nani?"

Niliinama nikatazama chini ya kitanda, ninapoviweka. Zilikuwepo ndala tu.