Kanda Zilizompisha Asiku

Jumanne asubuhi, mwaka 1996, Rosa Kiden alikuwa akinakili kanda za muziki kibandani kwake, sokoni Koboko, aliposimama mbele yake mwanamume mwenye viatu vipya. Rosa hakuwaamini watu wenye viatu vipya.

"Mama, ile rap ya Asiku iko?"

"Hapa iko kwaya tu."

Asiku alibeba abiria kwa baiskeli. Wimbo wake ulisema kwamba dawa za zahanati hutoka kila Alhamisi ndani ya magunia ya mihogo na kuvuka mpaka wa nchi pale Oraba, na wagonjwa huachiwa karatasi. Binti yake Helen alikuwa na malaria wiki ya pili.

Yule bwana aliipata kanda chini ya meza. Rosa alikuwa ameivunja vidude vya plastiki vya mgongoni isifutike. Bwana akatafuna karatasi ya sigara, akaziba nayo vitundu vilivyobaki, akasimama hapo mpaka ikafutwa pande zote mbili. Wapelelezi wa siku hizi wamesoma.

Ijumaa, katika kanda ya kwaya, baada ya ubeti wa pili waimbaji walinyamaza wakampisha Asiku. Akarap, akamaliza, nao wakaendelea na ubeti wa tatu. Kanda hiyo ikafutwa. Asiku akahamia kanda ya harusi ya Tahiru, muuza sabuni. Mwezi haujaisha, hapakuwa na kanda Koboko asimokuwamo.

Hilo halikumshangaza mtu. Walichotaka kujua ni nani aliyemchongea Asiku. Fundi cherehani alimshuku Tahiru, Tahiru alimshuku Rosa, na Rosa aliwashuku wote, asipoteze muda.

Alhamisi moja malaria ilimrudia Helen, Asiku akampeleka zahanati. Dirishani redio ilikuwa ikipiga kwaya, na kwaya ikapisha. Onzima, mgawa dawa, aliufuatisha wimbo wote kwa moyo, Alhamisi na magunia yakiwemo, bila kukosea hata neno. Kisha akaandika karatasi.

"Ndugu yangu, dawa iko hapana. Enda nunua Oraba."

Asiku aliichukua ile karatasi. Alimfunga Helen mgongoni kwa kanga, akapanda baiskeli, akashika njia ya Oraba. Joto la mtoto lilipenya shati lake.

Kilimani lori la magunia ya mihogo likawapita, redio juu, sauti ya Asiku ikiimba ndani. Dereva alimtambua. Akapiga honi, akampungia mkono, akaongeza mwendo.